Mnasa-nzi wa Wilmington katika Ua wa Nachingwea

Katika mimea ambayo wanadamu wameitoa kwao na kuipeleka ugenini, ni michache inayohitaji vitu vichache kama huu ninaokusudia kuueleza leo, na ni michache zaidi inayokufa upesi kama huu kwa sababu ya ukarimu wa wale wanaoupenda. Wataalamu huuita Dionaea muscipula. Mimi katika makala haya nitauita mnasa-nzi. Kwao ni Marekani, katika nyika za mchanga na misonobari za Carolina ya Kaskazini na Carolina ya Kusini, na hata huko haukutapakaa, bali umejibana katika eneo lisilozidi kiasi cha kilomita 120 kutoka mji wa Wilmington. Nje ya hapo hauna asili mahali popote duniani. Nia yangu ni kuonyesha kwamba mmea huu unaweza kulelewa nje ya nyumba, juani, katika ua wa mtu wa Nachingwea au wa Ruangwa, ukanawiri na kuiva rangi, maadamu mlezi wake ameridhia mambo mawili yaliyo mazito kwa kila aliyekulia katika kilimo: kuunyima rutuba, na kuutafutia pumziko ambalo majira ya kusini mwa Tanzania hayawezi kuupa yenyewe.

Habari zake zilianza kuandikwa mwaka 1759, pale Arthur Dobbs, gavana wa koloni la Carolina ya Kaskazini, alipomwarifu rafiki yake wa Uingereza kwamba ameona mmea unaofumba jani lake juu ya kila kinachougusa. Mwaka 1768 John Ellis, mfanyabiashara wa London aliyekuwa na elimu kubwa ya viumbe, akaueleza kwa utaratibu wa kitaalamu na kuupa jina lake. Ikapita karne moja na zaidi kabla Charles Darwin hajatoa, mwaka 1875, kitabu kizima juu ya mimea ilayo wadudu, ambamo aliutaja mnasa-nzi kuwa miongoni mwa mimea ya ajabu kupita yote duniani. Na miaka miwili kabla ya kitabu hicho, kwa ombi la Darwin mwenyewe, mtaalamu John Burdon-Sanderson alikwisha kuthibitisha kwamba jani la mmea huu linapoguswa hupitisha umeme mdogo, unaofanana na ule upitao katika mishipa ya fahamu ya wanyama.

Jani hilo lina sehemu mbili. Ya chini ni bapa, ya kijani, na kazi yake ni ile ya majani yote, yaani kupokea jua. Ya juu ndiyo mtego wenyewe, mapande mawili yaliyoungana kwa bawaba katikati, kila pande likiwa na miiba laini ukingoni na, kwa ndani, vinywele ambavyo aghalabu ni vitatu, vyembamba hata havionekani mpaka mtu ainame na kukaza macho. Mdudu akigusa unywele mara moja hakuna linalotukia, kwa kuwa tone la mvua au kipande cha jani kikavu kilichopeperushwa na upepo nacho chaweza kugusa mara moja. Lakini ukiguswa tena unywele huo, au mwenziwe, kabla hazijapita kiasi cha sekunde 20, mapande yote mawili hufumba kwa muda wa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo miiba ya ukingoni hupishana na kuacha mianya, ambayo mdudu mdogo mno hupenya akaokoka, maana mlo mdogo haulipi gharama ya kuumeng'enya. Aliye mkubwa hubaki akihangaika, na kuhangaika kwake ndiko kunakomwangamiza, kwani kila avigusapo vile vinywele mtego huzidi kubana, mpaka ukingo ukafungika kabisa na vimeng'enya vikaanza kuchuruzika. Baada ya wiki moja au siku kumi mtego hufunguka, na ndani yake husalia ganda kavu la mdudu, jepesi, ambalo upepo wa kwanza hulichukua.

Mtoto yeyote wa kusini aliyepata kuchezea kifauongo kando ya njia, akakigusa na kukiona kikikunja majani yake na kulala, hatastaajabu kusikia kwamba mmea waweza kujongea. Kifauongo nacho hutumia ishara za umeme katika majani yake, lakini chenyewe hujikunja kwa kujihami, na baada ya muda si mrefu hujinyoosha tena bila hasara kubwa. Mnasa-nzi hauna anasa hiyo. Kila mtego umejaliwa kufumba mara chache tu katika uhai wake, kisha hugeuka mweusi na kufa, na kila ufumbapo bila kupata kitu hutumia nguvu ambazo jani lilizihifadhi kwa siku nyingi za jua. Ndiyo maana kanuni ya kwanza katika nyumba yenye watoto ni kwamba mmea huu hutazamwa, na haichokozwi midomo yake kwa njiti wala kwa kidole. Na kama mgeni hana budi kuonyeshwa, na aonyeshwe mara moja, kwa mtego mmoja, basi.

Ulaji huu wa wadudu una sababu, nayo ni ufukara wa ardhi. Mchanga wa nyika zile za Carolina ni mchachu, umelowa muda mwingi wa mwaka, na mvua zimeuosha hata ukakosa naitrojeni na fosforasi ya kutosha mimea mingine. Mizizi ya mnasa-nzi iliyozoea mahali hapo hufanya kazi ya kunywa maji na kuushikilia mmea, wala haina uwezo wa kustahimili chumvi za rutuba. Wadudu ndio mbolea yake, nayo huipokea kwa jani. Kwa hiyo samadi ya mbuzi, mboji nyeusi ya chini ya mwembe, majivu ya jikoni, yuria, na kila kitu kizuri ambacho mkulima wa Nachingwea angekimwagia mhindi wake kwa nia njema, kwa mmea huu ni sumu. Huunguza mizizi katika muda wa majuma machache, na mlezi, aonapo majani yananyauka, huongeza mbolea akidhani ameuwekea kidogo.

Nachingwea ni mji unaostahili kulielewa jambo hili kuliko miji mingi. Kukua kwake kulitokana na mradi mkuu wa karanga ambao Serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 katika Tanganyika, ikichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, baada ya wajumbe wake kuizunguka nchi kwa majuma machache tu. Kule Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka kiangazi ukawa mgumu hata karanga hazikuweza kuchimbwa. Huku kusini ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kufika Nachingwea, gharama zikaja kabla ya mavuno. Na Januari 1951 mradi ukatangazwa kuachwa, kiasi cha pauni milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli yenyewe ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fedha hazikukosekana, wala matrekta hayakukosekana. Lililokosekana ni subira ya kuichunguza ardhi na mvua yake kabla ya kuiamuru izae. Natoa mfano mkubwa kwa jambo dogo la chungu kimoja cha ua, lakini kosa ni la jinsi moja, na katika chungu kimoja mtu huweza kuliepuka kwa gharama ndogo sana.

Basi tuanze na maji, kwa maana asilimia kubwa ya minasa-nzi inayofia mikononi mwa watu huuawa na maji. Yanayofaa ni maji ya mvua. Maji ya kisima na ya bomba, hata yakiwa safi na salama kwa kunywa, aghalabu huwa yamepita katika miamba na udongo na kubeba chumvi na chokaa. Ruangwa siku hizi inasifika kwa madini ya kinywe, lakini madini ninayoyasema mimi hapa ni yale yayeyukayo majini, yasiyoonekana kwa jicho, ambayo hujikusanya katika chungu kila maji yanapokauka, mpaka siku moja mizizi ikashindwa. Walezi stadi hupenda maji yasiyozidi miligramu 50 za chumvi kwa lita, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa chini sana ya hapo. Yeyote mwenye paa la bati anayo hazina: katika eneo la mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 hutoa lita 200, na nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa hupata kwa wastani kiasi cha milimita 800 au 900 kwa mwaka, takriban zote kati ya Novemba mwishoni na Mei mwanzoni. Iachwe mvua ya kwanza ya msimu ioshe vumbi na mavi ya ndege juu ya bati. Zinazofuata zikingwe katika simtanki au madumu yenye vifuniko, yawekwe kivulini ili ukoga wa kijani usiote, na yafunikwe vyema ili mbu wasizaliane. Akiba hiyo ndiyo itakayovuka na mmea kiangazi chote, na mwenye kuikosa asianze kazi hii.

Udongo hutengenezwa, hauchimbwi shambani. Desturi ya walezi wa dunia ni kuchanganya pitimosi, yaani mabaki ya mimea midogo ya vinamasi vya nchi za baridi yanayouzwa kwa mifuko na wauza maua wa miji mikubwa, pamoja na mchanga safi, na pitimosi hiyo sharti iwe tupu, isiyotiwa mbolea na kiwanda. Anayeikosa anaweza kujaribu kokopiti, unga wa makumbi ya nazi, lakini ailoweke katika maji ya mvua na kuikamua mara kadhaa, kwa sababu makumbi kwa tabia yake hushika chumvi; na makumbi yaliyokwisha kufukiwa pwani kwa ajili ya kutolewa usumba yasiguswe kabisa. Mchanga uwe wa mto, mweupe na wenye chembe ngumu, kama ule unaolala katika mikono mikavu ya Lukuledi au Mbwemkuru maji yakipungua, wala usiwe wa ufukwe wa Lindi, hata ungeoshwa namna gani. Kuna njia ya kuupima ambayo haihitaji maabara: chukua konzi moja ya mchanga, uweke katika kisahani, umiminie siki, ukitoa povu na kuchemka una chokaa ndani yake, utupe; ukinyamaza, uoshe mpaka maji yatoke yameng'aa, kisha uchanganye nusu kwa nusu na kokopiti au pitimosi.

Chombo kiwe cha plastiki, chenye kina cha sentimita 12 hadi 15 kwa sababu mizizi hushuka chini kuliko inavyodhaniwa, na kiwe na matundu. Chungu cha udongo, ingawa macho hukipenda, hutoa chumvi na hufyonza nyingine kutoka majini, na mwisho wake huwa mbaya. Chombo hicho kikalie sahani pana yenye maji ya mvua ya kina cha sentimita mbili hivi, ili maji yapande kutoka chini na udongo ubaki umelowa bila mmea kuzama.

Kisha jua. Hapa ndipo Nachingwea inapoishinda Ulaya yote, ambako watu hununua taa za umeme ili kuupatia mmea huu kile ambacho sisi tunakikimbia kwenda kivulini. Mnasa-nzi unataka jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kwa siku, na mmea ulioshiba jua hujulikana kwa majani mafupi, magumu, na kwa wekundu unaoiva ndani ya mitego. Uliofichwa barazani hurefusha majani yake, yakalegea, yakabaki ya kijani kibichi, na mitego ikafumba kwa uvivu au isifumbe kabisa. Hadhari inahitajika katika mambo mawili. Kwanza, mmea uliotoka dukani au safarini uzoeshwe, jua la asubuhi peke yake kwa juma la kwanza, kisha uongezewe kidogo kidogo. Pili, Oktoba na Novemba kabla ya mvua, wakati jua linapokuwa utosini na upepo ni mkavu, kinachoteseka ni mizizi kuliko majani, maana plastiki nyeusi hupata moto mkali. Kwa hiyo chombo hicho kitumbukizwe ndani ya ndoo kubwa zaidi, nyeupe, na nafasi ya kati ijazwe mchanga mbichi, ili joto likawie kufika ndani.

Juu ya chakula chake nitasema kwa ufupi, kwa sababu mmea ulio nje hujitafutia. Watu wengi hufikiri kwamba huishi kwa nzi, ilhali huko kwao sisimizi na buibui ndio wanaoliwa kwa wingi, na warukao ni wachache. Kwetu hautakosa riziki. Msimu wa korosho, mabibo yaangukapo chini ya mikorosho na kuanza kuchacha, nzi huja kwa makundi hata barazani mwa watu. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi hutoka ardhini, na hao ni wa kuangaliwa, kwa sababu mdudu anayezidi theluthi moja ya mtego humshinda mlaji wake, akaozea ndani na kuuozesha mtego pia. Nyama, samaki, dagaa na ugali visiwekwe kamwe. Jambo jingine la mahali hapa ni salfa ya unga ambayo wakulima hupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga kuanzia Mei na kuendelea: mwenye ua unaopakana na shamba auhamishe mmea upande ambao upepo hauleti vumbi hilo, au aufunike siku ya kupulizia, kwa kuwa kitu chochote kinachotua katika sahani ya maji mwisho wake hufika mizizini. Vidukari navyo hupenda kujificha katika majani machanga, yakatoka yamejikunja na kupinda. Dawa yake isiyo na madhara ni kuzamisha mmea wote, pamoja na chombo chake, katika ndoo ya maji ya mvua kwa siku moja au mbili.

Na yafaa nitaje ua lake, jeupe, linalochanua juu ya kikonyo kinachoweza kufika sentimita 30, mbali na mitego, ili wadudu wanaolichavusha wasije wakaliwa na mmea uleule wanaoutumikia. Ni mpango wa maumbile wa kustaajabisha. Lakini kuchanua huugharimu mmea nguvu nyingi, na kama mmea ni mchanga au umechoka na safari, kikonyo kikatwe kikiwa kifupi.

Sasa nafika kwenye jambo lililo gumu, ambalo waandishi wengi wa maua hulipita kwa sentensi moja, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mnasa-nzi utaishi mwaka mmoja au miaka ishirini. Wilmington iko katika latitudo ya digrii 34 kaskazini ya ikweta. Huko mchana wa kiangazi hukaribia saa 14 na nusu, na wa majira ya baridi hupungua hadi saa 10 hivi, usiku ukawa wa baridi kali. Na mmea, ukiisha kupokea dalili hizo mbili, hukoma kukua, huacha majani yake makubwa yafe, na hujikusanya katika tunguu dogo jeupe chini ya ardhi kwa miezi mitatu au minne, mpaka joto lirudi. Pumziko hilo ni sehemu ya uhai wake. Mmea usiolipata huendelea kutoa majani, na mwenye nao hufurahi, lakini kila baada ya miezi majani mapya huwa madogo kuliko yaliyotangulia, na siku ya kufa kwake hakuna sababu inayoonekana. Nachingwea na Ruangwa ziko karibu na digrii 10 kusini. Mchana mrefu kuliko wote wa Desemba na mfupi kuliko wote wa Juni hupishana kwa saa moja na dakika chache. Usiku wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma, hupoa vya kutosha mtu kuvuta shuka, lakini katika kimo cha nchi hii hakuna baridi ya kuulaza mmea wa Carolina. Mtu wa Njombe au Makete, ambako umande hugandia majanini Juni na Julai, anayo baridi hiyo mlangoni pake bila gharama.

Kwa mtu wa Nachingwea njia iliyopo ni jokofu, nayo imekwisha kutumiwa na walezi wa nchi za joto kwa miaka mingi. Uchaguliwe wakati unaoafikiana na majira yetu: Juni hadi Agosti, siku zikiwa fupi, usiku ukiwa wa ubaridi, mvua zikiwa zimekoma, na akiba ya maji ikihitaji kuhurumiwa. Mwezi wa Mei wote sahani ya maji ipunguzwe, udongo uwe na unyevu tu. Ikifika Juni mmea ung'olewe taratibu, udongo usuuzwe kwa maji ya mvua mpaka tunguu na mizizi yake myeusi ionekane, na kila jani lililokufa likatwe kwa mkasi safi, kwa sababu jani lililooza ndilo mlango wa ukungu. Tunguu hilo lizungushiwe karatasi laini nyeupe iliyoloweshwa na kukamuliwa, isiyochuruzika. Litiwe katika mfuko wa plastiki wenye hewa kidogo, mfuko uandikwe tarehe kwa nje ili mtu wa nyumbani asiudhanie kuwa tangawizi, na uwekwe chini kabisa, pale pa mboga, penye nyuzi 2 hadi 8 za joto, wala usikaribie sehemu ya barafu. Kila juma mfuko ufunguliwe na kukaguliwa; ukungu ukionekana ufutwe na karatasi ibadilishwe. Umeme ukikatika kwa siku moja hakuna madhara, maadamu mlango wa jokofu haufunguliwi ovyo. Baada ya majuma 10 au 12, yaani mwisho wa Agosti, tunguu hurudishwa katika udongo mpya, hukaa kivulini siku chache, kisha jua la asubuhi, na Septemba joto lipandapo majani mapya hutokeza katikati, yamejikunja, na mitego yake midogo ikiwa imefumba.

Mmea ulioletwa kutoka kaskazini mwa dunia una kalenda yake, ambayo ni kinyume cha hii, na mwaka wa kwanza utaonekana kama umetatizika. Usilazimishwe kulala mara tu ufikapo, bali upewe jua na maji mpaka Juni inayofuata au, kama ulifika Machi au Aprili, mpaka ile ya mwaka wa pili. Ama njia ya kuupata, iwe halali na ya wazi. Mnasa-nzi umo katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini tangu mwaka 1992, na kuung'oa porini Carolina ya Kaskazini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kubwa la jinai tangu Desemba 2014, kwa sababu wezi walikuwa wakiujaza katika mifuko usiku na kuuza kwa fedha kidogo. Inayouzwa leo kwa wingi imezalishwa katika maabara na vitalu, na hiyo ndiyo ya kununua. Kuingiza mmea au mbegu Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi utokako, na haya hushughulikiwa kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kuzuiliwa uwanja wa ndege. Mbegu, nyeusi na zenye kung'aa, ni rahisi kusafirisha, lakini mche wa mbegu huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla haujakomaa, na mwenye haraka hautamfaa.

Asiyekuwa na jokofu, au asiyetaka kungoja vibali, asikate tamaa, kwa maana Tanzania ina mimea yake ilayo wadudu, na mmojawapo ni wa ukoo uleule wa mnasa-nzi. Huo ni drosera, ambao Darwin aliuchunguza kwa miaka mingi kuliko mwingine wowote katika kitabu kile. Aina iitwayo Drosera indica huota katika nchi za joto za Afrika na Asia, Tanzania ikiwamo, mahali penye mchanga uliolowa, ambapo maji huchuruzika wakati wa mvua na nyasi ni fupi. Majani yake ni membamba, marefu, yamejaa vinywele, na kila unywele una tone la utomvu unaong'aa kichwani; asubuhi, jua likiwa bado chini, huonekana kama umande uliosahau kukauka. Kisubi akitua hunaswa na matone mawili au matatu, akivuta mguu huu hunasa mwingine, na vinywele vya jirani huanza kumwinamia polepole. Katika majaruba ya mpunga na mabwawa nako imo jamii nyingine, utrikularia, isiyo na mizizi, yenye vifuko vidogo chini ya maji vinavyofyonza viluwiluwi wadogo wa mbu kwa kasi isiyofuatika kwa jicho.

Drosera indica hauhitaji baridi, kwa kuwa umekwisha kupata njia yake ya kupumzika katika nchi yenye masika moja: huota na mvua, huchanua maua mekundu ya kufifia au meupe, huacha mbegu, na kiangazi kikianza hufa. Anayeupata porini asiung'oe, kwani haustahimili kuhamishwa, na mahali unapoota huwa padogo. Achukue mbegu chache kutoka mimea michache, vikonyo vikiisha kukauka baada ya mvua, azikunje katika karatasi na kuziweka pakavu. Novemba mwishoni atayarishe chombo kwa mchanga na kokopiti kama nilivyoeleza, azinyunyize juu bila kuzifukia, kwa sababu ni ndogo kama vumbi na huhitaji mwanga ili zichipue, akiweke katika sahani ya maji ya mvua, juani, mbali na matone makali ya ukingo wa paa.